Pua Iliyoandika Sifuri

"Mkinizika leo, nitalala humo ndani nikijua jeneza ni la mti gani, na fundi alikuwa amekunywa nini akipiga misumari."

Jerusha aliyasema hayo mbele ya watu kama mia mbili, chifu akiwepo, pasta akiwepo, na afisa wa mazingira wa kaunti akiwa ameshika soda ambayo alishindwa kuifungua kwa sababu ya harufu. Ilikuwa mwezi wa pili, uwanja wa kanisa, hapa Muhuru Bay. Tulipiga makofi mpaka vumbi likapanda. Ubaya wa kujisifu hadharani ni kwamba unajitafutia mashahidi bure.

Kwanza mumjue. Jerusha ana miaka arobaini na saba, ni mfupi, ana sauti ya mtu anayeita boti, na mkono wake wa kulia una magamba ya omena, dagaa wetu wa ziwani, ambayo hata sabuni ya Jamaa imeyakubali. Wengi tunamwita Min Bravin, mama yake Bravin, maana huku kwetu mwanamke akishazaa, jina la ubatizo linabaki la kanisani na la kitambulisho. Mumewe ni Dishon, mshona nyavu, mtu wa maneno sita kwa siku, manne kati ya hayo akiwa anaulizia chakula.

Kazi ya Jerusha ni kunusa. Usicheke. Omena ikishakauka kwenye nyavu inaingia gunia, na gunia likishafungwa haliongei. Juu wajanja wanaweka zile zinazong'aa kama sarafu mpya, katikati wanazika zile zilizonyeshewa zikachacha. Macho yanadanganyika. Kwa hiyo mnunuzi kabla hajatoa pesa anamwita Jerusha. Anafungua mdomo wa gunia, anazamisha mkono mpaka karibu na kwapa, anachomoa konzi moja kutoka tumboni mwa gunia, anaisugua kati ya viganja, anaipulizia pumzi ya moto, kisha ananusa mara mbili. Ya kwanza, anasema, ni ya salamu. Ya pili ndiyo ya habari. Halafu anatoa hukumu ya neno moja: "Watu," au "Kuku." Ikiwa ya kuliwa na watu anachora msalaba wa rangi ya bluu kwenye gunia. Ikiwa ya kulishwa kuku, duara. Rufaa hakuna. Nimeona wanaume wazima wamepiga magoti kwa sababu ya duara.

Sasa tuje kwa Jikoni.

Jikoni ni kiwanda. Kina jina refu la Kiingereza kwenye lango, lakini sisi tulikipa letu. Kilikuja miaka mitatu iliyopita kuchemsha mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta, yaani sangara, inayobaki baada ya minofu kwenda ng'ambo. Kinachemsha, kinakausha, kinasaga, inakuwa chakula cha kuku. Kilijengwa kati ya ziwa na nyumba zetu, na mtu aliyechagua pale nadhani hajawahi kuona upepo. Kila siku kuanzia saa sita mchana upepo wa ziwani unaamka, unapitia juu ya bomba lao la mvuke, na unatuletea.

Nitaielezaje? Si harufu ya samaki. Tungejua harufu ya samaki. Hii ni kama mtu amechemsha kucha, mayai mabovu na soksi za mwanajeshi, kisha akasahau sufuria motoni akaenda kuoa mke wa pili. Inaingia kwenye mapazia. Inaingia kwenye nywele zilizosukwa jana. Kuna kijana alitoka Sori kuja kuona wakwe, akaondoka kabla hata mahari haijatajwa, na huko kwao akasema familia ile ina ugonjwa ambao hawajautangaza. Binti yupo mpaka leo, mzuri tu, anangoja mchumba mwenye mafua.

Waliokuwa na shida kubwa ni watoto wa mwalimu Phelesia. Chekechea yake imepakana na ukuta wa Jikoni. Uji wa saa nne waliunywa vizuri, lakini chakula cha saa sita kilikuwa kinatokea kilikoingilia. Wazazi wakaanza kuwahamisha mmoja mmoja. Kutoka watoto sitini, wakabaki kumi na wanne. Phelesia ndiye aliyeandika barua kwa kaunti, na akaiandika mara saba mpaka wakachoka wakamtuma mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Bwana Nyamongo, yule wa soda. Alikuja na mashine ya kupima vumbi, akaitega, akaisoma, akasema vumbi liko sawa. Watu wakaanza kuguna. Hapo ndipo meneja wa Jikoni, Bwana Ongeri, mwenye shati jeupe na tabasamu la benki, alipoinuka akafanya kosa la kufanya mzaha.

"Mimi nashangaa," alisema. "Watu wa omena kulalamikia harufu ya samaki? Ni kama mwenye baa kulalamikia kelele."

Wachache walicheka. Jerusha hakucheka. Alinyanyuka, akajifunga leso kiunoni.

"Omena yangu inanuka jua," alisema. "Inanuka jua na chumvi na mchanga. Hiyo yako inanuka kitu kilichokufa mara mbili, mara ya kwanza ziwani na mara ya pili kwa sufuria yako. Mimi nikinusa gunia najua limetoka Muhuru au limevushwa kutoka Tanzania. Najua lilinyeshewa jioni ama asubuhi. Usinichanganye mimi na wewe, bwana."

Kisha ndipo akamalizia na lile la jeneza.

Bwana Nyamongo alingoja makofi yaishe. "Mama zangu, harufu haina mita," alisema. "Mita ni pua." Akaeleza utaratibu. Jikoni walikuwa wameomba kibali cha kuweka tangi la pili la kuchemshia. Kabla ya kujibu, kaunti ilitaka daftari: mtu mmoja anayeaminika na wote azunguke sehemu tatu, mara mbili kwa siku, asubuhi na mchana, kwa siku thelathini, na kila mahali aandike namba. Sifuri ni hakuna harufu. Tano ni mtu hawezi kukaa. Wastani ukifika tatu, kibali hakuna, na hata tangi la kwanza litazimwa mpaka waweke mtambo wa kuosha mvuke. Usipofika tatu, wataweka la pili, na mwalimu Phelesia atafute uwanja mwingine.

"Nani hapa ana pua ambayo nyote mnaiamini?"

Watu mia mbili walinyoosha vidole upande mmoja. Jambo hilo halijawahi kutokea hapa hata kwa uchaguzi.

*

Tarehe mosi mwezi wa tatu Jerusha alianza. Saa mbili asubuhi na saa nane mchana, daftari la kurasa tisini na sita chini ya kwapa, kalamu kwenye kitambaa cha kichwa. Lango la chekechea, bomba la maji, mlango wa kanisa. Akifika anasimama, anafunga macho, anavuta hewa mara mbili, salamu na habari, mpaka mabega yanapanda. Sisi tukipita hapo tulikuwa tunaziba pua na kukimbia. Yeye alikuwa anaifungua kama mtu anayekunywa dawa.

Wiki ya kwanza mchana wote ni tano, tano, tano. Siku moja aliandika sita, kisha akakumbuka sheria akafuta. Phelesia alikuwa anamletea chai.

Wiki ya pili zikaanza nne. Halafu tatu. Asubuhi moja, siku ya kumi na tano, aliandika mbili langoni mwa chekechea, akasimama akiitazama ile mbili.

"Wuon Bravin," alimwambia mumewe wakila, "hawa watu wameogopa. Wamepunguza."

Dishon aliinua macho kutoka kwa sahani yake. "Wamepunguza nini?" aliuliza, akarudi kwa samaki. Hayo yalikuwa maneno yake mawili yaliyobaki ya siku hiyo.

Siku ya kumi na tisa aliandika sifuri. Sifuri langoni, sifuri bombani, sifuri kanisani, mchana kweupe, mvuke ukitoka pale juu kama treni. Lakini Jerusha ni mtu ambaye hajawahi kuchora msalaba kwenye gunia kwa sababu ya urafiki. Kama hasikii, hasikii. Akaandika anachosikia.

Siku hiyo hiyo alinusa magunia kumi na mawili ya Nyasuguta. Huyu, Mama Wangwe kwa jina la mtoto wake, ni mama wa Kikuria kutoka Kehancha, mnunuzi wake wa miaka minane, mwenye vijana wawili wa kubeba mizigo waliokuwa mabondia kabla hawajaokoka. Kiswahili ndiyo lugha yao, kwa vile Jerusha hajui Kikuria na Nyasuguta hakijui Kijaluo, isipokuwa matusi, ambayo kila mmoja anayajua ya mwenzake kikamilifu.

"Watu, watu, watu," Jerusha alisema, akichora misalaba. "Mama Wangwe, leo umepata mali safi. Zote watu."

"Yote kumi na mbili? Hakuna hata duara moja?"

"Unataka nikutafutie?"

Nyasuguta alicheka, akapakia, akaenda.

Jumamosi ya wiki hiyo mtoto wao Bravin alikuja kutoka Homa Bay mjini, ambako anauza simu. Alishuka kwa boda akiwa amevuta kola ya shati mpaka machoni.

"Mama, mnakaaje hapa?"

"Wamejirekebisha siku hizi," Jerusha alisema.

"Nani amejirekebisha? Mama, hapa panatapisha! Nimetapika huko kwa kona, uliza mtu wa boda."

"Umeharibiwa na mji. Unajipaka hiyo mafuta yenu mpaka pua imekuwa ya mtoto."

"Na wewe husikii kitu?"

"Nikisikia nitaandika," alisema, akapeleka mazungumzo kwa habari za wajukuu ambao hawajazaliwa.

Lakini kuanzia hapo hakutulia. Alikuwa anainuka katikati ya kazi anatoka nje, anasimama, ananusa, anarudi. Alinusa mafuta ya taa. Alinusa shati la Dishon. Alivunja kitunguu jikoni kwake akakiweka karibu kabisa, macho yakatoa machozi, akasema moyoni basi, nimesikia. Kumbe kitunguu kinaliza macho hata kama pua imefungwa na msumari. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Ni kama mwamuzi wa mpira kuuliza watu goli liko wapi.

Siku ya thelathini alipeleka daftari kwa chifu. Phelesia alikuwa pale. Alilichukua, akafungua, akageuza kurasa polepole, halafu haraka, halafu akalifunga.

"Min Bravin. Hii ni nini?"

"Ni nilichosikia."

"Sifuri? Langoni kwangu? Juzi watoto watatu walitapika kwa wakati mmoja kama kwaya, na wewe umeandika sifuri?"

"Sasa niandike uongo, mwalimu?"

"Ongeri amekununulia nini?" Phelesia aliuliza. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Niambie tu. Mabati? Maana mimi chai yangu nilikupa bila kujua kuna mnada."

Wastani ulikuwa moja na kidogo. Na kama vile hiyo haitoshi, kesho yake Bwana Ongeri alisimamisha pikapu yake sokoni, mbele ya watu wote, akashusha kioo na kusema, "Mama, asante kwa ukweli." Baada ya hapo hata mwenye duka la mkate alimpa Jerusha chenji bila kumwangalia. Wamama wa nyavu waliacha kumsogezea kiti. Kulikuwa na wimbo pia, uliotungwa na vijana wa boda, ambao siwezi kuuandika hapa kwa sababu pasta anasoma.

*

Jumatatu simu ililia. Nyasuguta.

"Mama Bravin, uko nyumbani?"

"Niko."

"Keti chini. Umeketi?"

"Sema, Mama Wangwe."

"Nimefungua gunia la tisa. Ile yenye msalaba wako. Ndani ni kijani! Kijani, unasikia? Nimeuza makopo matatu ya gorogoro kwa mama mmoja wa hoteli kabla sijafika katikati, amenirudishia kwa kichwa. Kwa kichwa changu, mbele ya soko! Wateja wananiita mchawi."

"Haiwezekani."

"Njoo uione. Na ukija usije na mfuko wa siku moja. Utakaa hapa soko la Kehancha, wewe mwenyewe, uiuze kwa watu wa kuku mpaka iishe, wakuone kwa uso."

Jerusha alienda. Hangeweza kukataa, na pia nafikiri alitaka tu kutoka. Nyasuguta alimlaza chumba kilichopakana na stoo ya tumbaku ya mumewe. Marobota ya majani makavu yalifika darini. Wageni wote wakiingia mle wanapiga chafya kama bunduki. Jerusha aliingia akatandika, akasema chumba ni kizuri.

"Husikii tumbaku?" Nyasuguta aliuliza mlangoni, mkono puani.

"Tumbaku gani?"

Nyasuguta alitoka uani kwenye magunia. Kisha akachukua konzi ya omena kutoka gunia la tisa, akaisugua viganjani vizuri kama alivyoona ikifanywa miaka minane, akaipulizia pumzi, akamwekea Jerusha chini ya pua.

Jerusha alivuta mara mbili. Akavuta mara ya tatu, kitu ambacho hajawahi kufanya maishani.

"Sema basi," Nyasuguta alisema. "Watu ama kuku?"

"Sijui."

"Unasema?"

"Sijui, Mama Wangwe! Sijui! Ni kama nanusa ukuta!"

Hapo Nyasuguta, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi wa siku sita, alijikuta hana kazi. Alimletea mtindi. Hakumfukuza lakini pia hakumsamehe soko: kesho yake Jerusha alikaa juani nyuma ya gunia lake mwenyewe, akiuzia wafugaji wa kuku, msalaba wa bluu ukiangalia barabara. Hakutulia hata pale. Kila dakika tano alikuwa anachukua omena moja ananusa, anatupa, anachukua nyingine.

Asubuhi ya siku ya nne aliamka kwa chafya. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu mpaka akashika ukuta. Tumbaku! Ilikuwa imejaa chumba chote, kali, tamu kidogo, na nyuma yake samadi, na nyuma ya samadi maziwa yanayoungua mahali fulani. Alitoka mbio na leso moja, akafika kwenye gunia, akazamisha mkono mpaka kwapani.

"Kuku!" alipiga kelele uani. "Mama Wangwe! Kuku! Na hata kuku wakiwa wanajiheshimu hawali!"

Nyasuguta alitoka na mswaki mdomoni. "Asante," alisema. "Hiyo hata mbwa wangu alisema Jumatatu."

Jerusha alikaa chini, pale pale kwenye matope. Alikuwa ameelewa. Jikoni hawakupunguza kitu. Siku thelathini alikuwa amesimama mlangoni pao mara mbili kila siku akivuta ule mvuke mpaka chini ya kitovu, na walichozima ni pua yake.

Alirudi Jumamosi. Pikipiki ilipopinda kona ya kanisa, saa saba mchana, harufu ilimpiga kama kofi la mama mkwe. Alimwambia mtu wa boda asimamishe, akashuka, akainama kando ya barabara. Alifurahi. Alitapika huku anafurahi. Jumapili alisikia nusu yake. Jumatatu robo. Jumanne mchana alisimama langoni mwa chekechea, watoto ndani wanalia, akavuta mara mbili, na ilikuwa hewa tu.

Baraza la kusoma daftari lilikuwa Alhamisi.

"Nikisema," alimwambia Dishon Jumatano jioni, akizunguka meza, "nimejimaliza. Nani ataita pua ambayo imekufa? Nikinyamaza, nitachora misalaba yangu, nitakisia kwa macho kama wengine. Watu hawatajua."

Dishon aliweka sindano ya nyavu chini. "Wewe utajua," alisema. "Na utakuwa unaninusa shati kila siku. Kaa chini ule."

Hakukaa. Alimpigia Nyasuguta.

*

Bwana Nyamongo alikuja safari hii bila soda. Bwana Ongeri aliomba ruhusa asome daftari yeye mwenyewe, akalisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza washindi: siku ya kumi na tisa sifuri, ya ishirini sifuri, ya ishirini na moja sifuri. "Na haya hatujaandika sisi," alisema. "Yameandikwa na pua mliyoichagua nyinyi wenyewe. Inayojua mpaka mti wa jeneza."

Vijana wa boda walianza ule wimbo kwa mluzi. Phelesia alikuwa anaangalia viatu vyake.

Jerusha aliinuka.

"Bwana Afisa, hilo daftari ni langu na kila namba ni yangu. Sikununuliwa. Lakini pua ilikufa." Akaendelea haraka kabla hajaogopa. "Kuanzia wiki ya pili nilikuwa naandika pua yangu ikifa, na nikidhani ni Jikoni inapungua. Mpaka sasa hivi, hapa niliposimama, sisikii kitu. Mimi. Jerusha. Sisikii kitu."

Mluzi ulikatika. Mama mmoja nyuma alisema "Yawa!" kama mtu aliyeangusha chungu.

"Anaigiza," Bwana Ongeri alisema. "Mkubwa, mtu yeyote anaweza kusimama aseme hasikii. Wamemtisha."

Na hapo ndipo Nyasuguta alipopita katikati ya watu, wale vijana wake wawili wakiwa wamebeba lile gunia la tisa, theluthi moja iliyobaki. Walilitua mbele ya meza. Watu wa mstari wa kwanza walihama bila kuambiwa.

"Mimi ni mtu wa Kehancha," alisema. "Sina nyumba hapa, sina mtoto kwa hiyo chekechea, na huyu mama nilikuja kumpiga. Ona msalaba. Ni wa nani?"

"Wa Min Bravin," watu walijibu.

"Alichora tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, siku nimenunua, iko kwa kibali cha kusafirisha samaki, hii hapa. Bwana Afisa, weka mkono wako ndani. Sasa nauliza, tarehe kumi na tisa alikuwa anaigizia nani? Mimi? Ili nipigwe na omena kwa kichwa bure?"

Bwana Nyamongo alizamisha mkono. Alipoutoa, hakuhitaji kupuliza wala kusugua. Alirudi nyuma hatua mbili, akaomba maji. Kisha akachukua daftari kutoka kwa Bwana Ongeri, akafungua siku ya kumi na tisa, akaangalia sifuri tatu, akaangalia msalaba.

Phelesia alikuwa ameshika mdomo. Baadaye alimfuata Jerusha hadi bombani. Hakuomba msamaha kwa maneno, si tabia yake. Alimwekea chai mkononi na kusema, "Hiyo ni ya tangawizi. Najua husikii, lakini ni ya tangawizi."

*

Daftari lilitupwa. Kaunti ilileta pua tatu kutoka Uriri, watu wa mahindi, siku moja kuja na kurudi. Mmoja aliandika tano. Wa pili aliandika tano. Wa tatu hakumaliza mzunguko. Kibali cha tangi la pili kilikataliwa, na la kwanza lilipewa siku tisini liwe na mtambo wa kuosha mvuke au lizimwe. Leo ni siku ya arobaini. Mtambo hatujauona. Mvuke tunauona vizuri sana. Watoto wa Phelesia wamefika kumi na tisa, kwa vile wazazi watano wameamini hizo siku tisini.

Ufukweni hakuna anayemwita Jerusha. Hawamchukii, wanamsalimia, wengine wanamwinulia kofia kama mjane wa askari, lakini mtu hawezi kulipia msalaba uliochorwa kwa kukisia, na yeye mwenyewe amekataa kuuchora. Kopo la rangi ya bluu amelihamishia kwa Nyasuguta. Huko Kehancha pua inafufuka siku ya tatu au ya nne, na wafanyabiashara wa soko wameanza kumletea magunia yao kabla ya kuyafungua. Jumapili baada ya ibada anaondoka. Ijumaa pua ikiwa kali kabisa anarudi, anaishusha hapa kama mtu anayeshusha mzigo mtoni, na Jumapili anaenda tena kuitafuta. Kule anawaza nyumbani, na nyumbani anawaza njia. Ijumaa iliyopita alikaa mlangoni na mkoba ukiwa bado begani.

"Vua basi," Dishon alisema.

"Nitavua."

"Sasa wewe unakaa wapi, Min Bravin? Huku ama kule?"

Alivuta hewa mara mbili, salamu na habari. Kwa vile ilikuwa Ijumaa, alisikia kila kitu.

Nauli ya Muhuru Bay hadi Kehancha, kupitia Migori mjini, ni shilingi mia nne na hamsini, na yeye huilipa mara mbili kila wiki.